Uhaba na Ulanguzi: Somo Kutoka Soko la Mashine za Michezo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.



Katika darasa zetu za fiqhi tunasoma mlango wa biashara, na humo tunakutana na mifano ya ngano, tende, ngamia na misafara ya wafanyabiashara wanaotoka mashamba kuelekea mjini. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba hukumu hizo ni za zama za ngamia tu, wala hazimhusu mtu anayenunua vitu kwa simu. Katika makala haya tumeonelea tuchukue mfano mmoja wa zama zetu, ambao vijana wengi wanaujua kwa jina, tuueleze hatua kwa hatua, kisha tuupime kwa yale tuliyosomeshwa. Mfano wenyewe ni mashine ya michezo iitwayo PlayStation 5, iliyotengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani, na jinsi ilivyoadimika na kulanguliwa kuanzia mwaka 2020.

MASHINE ILIYOADIMIKA

Mashine hii iliingia sokoni tarehe 12 Novemba 2020 katika Marekani, Japani na nchi nyingine chache, na wiki moja baadaye, tarehe 19 Novemba, ikaingia Ulaya na sehemu nyingine za dunia. Bei yake Marekani ilikuwa dola 500 kasoro senti moja kwa ile inayotumia diski, na dola 400 kasoro senti moja kwa ile isiyotumia diski.

Ilikuwa katikati ya maradhi ya korona. Maduka mengi hayakutaka watu wasongamane milangoni, hivyo mauzo yakafanywa kwa njia ya intaneti. Kila duka lilipotangaza kwamba mzigo umefika, mashine zilimalizika kwa dakika chache, na mara nyingine kabla mnunuzi hajamaliza kuandika anuani yake. Muda mfupi baadaye mashine zile zile zilionekana kwenye masoko ya mnada ya intaneti zikiuzwa kwa dola 1,000 na zaidi, yaani maradufu ya bei ya dukani.

Si kwamba Sony haikutengeneza mashine. Hadi tarehe 31 Desemba 2020 ilikuwa imekwishapeleka sokoni mashine milioni 4.5. Idadi hiyo ni kubwa, lakini wanunuzi walikuwa wengi zaidi. Hali hiyo iliendelea mwaka 2021 wote na sehemu kubwa ya mwaka 2022.

Basi hapa pana maswali mawili, na ni muhimu tusiyachanganye. La kwanza: uhaba ulitoka wapi? La pili: ni nani aliyeugeuza uhaba huo kuwa mtaji?

UHABA ULITOKA WAPI?

Ndani ya mashine ya michezo, kama ilivyo ndani ya simu, kompyuta, televisheni na gari la kisasa, mna vipande vidogo viitwavyo chipu. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya kuhesabu na kuhifadhi. Chipu huchorwa juu ya kisahani chembamba cha silikoni kwa hatua mamia kwa mamia, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa tangu kisahani kinapoingia kiwandani hadi chipu zinapotoka. Kiwanda kipya cha chipu hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kadhaa kujengwa. Kwa hivyo mahitaji yanapopanda ghafla, haiwezekani kuongeza chipu kwa wiki mbili kama mwokaji anavyoongeza mikate.

Chipu kuu ya PlayStation 5 ilibuniwa na kampuni ya AMD ya Marekani, lakini hutengenezwa na kampuni ya TSMC katika kisiwa cha Taiwan. TSMC pia huzitengenezea kampuni nyingine nyingi za simu na kompyuta. Wote hao hupanga foleni kwenye mlango mmoja.

Ilipofika mwaka 2020, mambo kadhaa yakakutana. Watu walifungiwa majumbani, wakataka kompyuta za kufanyia kazi na za kusomeshea watoto. Wakati huo huo viwanda vya magari vilipunguza maagizo yao ya chipu kwa kudhani kwamba watu hawatanunua magari. Soko la magari lilipofufuka upesi, viwanda hivyo vikarudi kutaka chipu na kukuta nafasi zimekwisha kuchukuliwa.

Mwaka 2021 ukaja na mitihani yake. Mwezi wa Februari baridi kali isiyo ya kawaida ilikata umeme katika jimbo la Texas, Marekani, na viwanda vya chipu vya mji wa Austin vikasimama. Mwezi wa Machi moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha kampuni ya Renesas huko Naka, Japani. Mwezi huo huo meli kubwa ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita na kuzuia mamia ya meli. Taiwan nayo ilipatwa na ukame mbaya kuliko yote kwa zaidi ya miaka 50, na viwanda vya chipu vinatumia maji mengi sana.

Kwa hakika, mambo haya yanatufundisha jinsi mwanadamu alivyo dhaifu. Wahandisi wanachora mistari myembamba mno kuliko unywele, kisha mvua isiponyesha kazi yao yote inaingia mashakani.

KWA NINI KAMPUNI HAIKUPANDISHA BEI?

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa watu wako tayari kulipa dola 1,000, kwa nini Sony yenyewe isiuze kwa dola 1,000?

Jawabu ni kwamba kampuni za mashine za michezo hazitegemei sana faida ya mashine. Zinategemea kuuza michezo na huduma kwa miaka mingi baada ya mtu kununua mashine. Mwanzoni mashine ya dola 500 ilikuwa ikiuzwa kwa hasara, na ni mwezi wa Agosti 2021 ndipo Sony ilipoeleza kwamba haipati hasara tena kwa mashine hiyo. Kampuni ilitaka mashine iingie majumbani mwa watu wengi, na haikutaka kuwaudhi wateja wake.

Basi pakatokea pengo. Upande mmoja kuna bei ya dukani, dola 500. Upande wa pili kuna bei ambayo mtu mwenye haraka yuko tayari kuilipa, dola 1,000. Pengo la dola 500 lililobaki katikati halikuwa la mtengenezaji, wala la duka, wala la mnunuzi. Hilo ndilo lililowavuta walanguzi, kama nzi wavutwavyo na asali iliyoachwa wazi.

WALANGUZI WALIVYOFANYA KAZI

Mlanguzi wa zama hizi hasimami mlangoni pa duka. Anatumia programu maalumu za kompyuta, tuziite programu roboti. Programu hizo hutazama ukurasa wa duka kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku. Mzigo unapoonekana, programu huweka mashine kapuni, hujaza jina, anuani na namba ya kadi ya benki, na hulipa, yote hayo kabla mzazi hajaamshwa na ujumbe wa simu.

Maduka mengi yaliweka sharti kwamba kila mtu au kila nyumba inunue mashine moja tu. Walanguzi wakalikwepa sharti hilo kwa kufungua akaunti nyingi zenye majina tofauti, kutumia kadi nyingi, na kubadilisha anuani kidogo kidogo ili nyumba moja ionekane kama nyumba kumi.

Walijipanga pia kwa vikundi. Wanachama hulipa ada kila mwezi, na kikundi huwapasha habari za mizigo mipya. Kikundi kimoja cha Uingereza kilijigamba mwaka 2020 kwamba wanachama wake walijipatia mashine karibu 3,500.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, duka la Walmart la Marekani lilieleza kwamba tarehe 25 Novemba 2020, katika nusu saa ya mwanzo ya mauzo ya PlayStation 5, lilizuia majaribio zaidi ya milioni 20 ya programu roboti. Milioni 20 kwa nusu saa! Je, mzazi mwenye kidole kimoja na simu moja angeshindana vipi?

Nyuma ya walanguzi wakaja matapeli. Katika masoko ya mnada yalionekana matangazo ya kuuza picha tu ya mashine, au sanduku tupu, yakiandikwa kwa maneno ya kupotosha ili mwenye haraka asisome mpaka mwisho. Huu ndio utaratibu wa siku zote: penye pupa, tapeli hakosi.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Serikali na maduka hayakukaa kimya. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 2016 inayokataza programu roboti, lakini sheria hiyo inahusu tiketi za matamasha na michezo tu. Wabunge walipeleka mswada wa kuipanua ihusu na bidhaa, wakaurudia mwaka 2021, wala haukupita. Uingereza nako suala hili lilifikishwa bungeni mwezi wa Desemba 2020 na mswada ukaletwa mwaka uliofuata, nao haukuwa sheria.

Japani ilifanya jambo la kuzingatiwa. Mwezi wa Machi 2020, barakoa zilipokuwa zikilanguliwa, serikali ilikataza kabisa kuziuza tena kwa bei ya juu kuliko ile iliyonunuliwa, na mvunjaji aliweza kufungwa au kutozwa faini. Zilipopatikana kwa wingi, katazo likaondolewa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Ama mashine za michezo, serikali haikuziwekea katazo kama hilo. Barakoa wakati wa maradhi ni haja ya mwili. Mchezo ni starehe. Tuliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Maduka ya Japani yalijitafutia njia zao. Baadhi yalifungua sanduku au kulitia alama mbele ya mnunuzi ili lisiweze kuuzwa kama jipya. Mengine yaliuza kwa kupiga kura: anayetaka hujiandikisha, na kura ikimwangukia ndipo hununua kwa bei ya kawaida.

Njia hii ya kura ilitumiwa tena na kampuni ya Nintendo, pia ya Japani, ilipotoa mashine ya Switch 2 tarehe 5 Juni 2025. Katika duka lake la intaneti nchini Japani, watu takriban milioni 2.2 walijiandikisha. Kampuni iliweka sharti kwamba aingie kwenye kura yule tu ambaye tayari alikuwa ameitumia mashine ya zamani kwa saa 50 au zaidi na aliyekuwa amejiunga na huduma yake ya kulipia kwa mwaka mmoja. Mlanguzi mwenye akaunti 100 za uongo hana saa 50 katika kila moja. Nintendo pia ilijitayarisha na mzigo mkubwa, na katika siku nne za mwanzo iliuza mashine zaidi ya milioni 3.5 duniani.

Baadhi ya wanafunzi wanaweza kuuliza: je, kura hiyo si kamari? Kamari ni pale mtu anapotoa mali yake akiwa hajui atapata au atapoteza. Katika kura hii, asiyebahatika hapotezi chochote, na aliyebahatika analipa thamani ya kitu. Kupiga kura baina ya wenye haki sawa ni jambo linalojulikana katika dini yetu, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwapigia kura wakeze alipotaka kusafiri.

WAZEE WETU WANALIJUA NENO HILI

Neno ulanguzi si geni kwetu. Wazee wetu waliokulia Tanzania wanaikumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, ambapo sabuni, sukari, unga na khanga viliadimika na watu wakapanga foleni kwa masaa. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, na ikatungwa sheria maalumu mwaka huo huo. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa, na watu wengi wakatiwa ndani.

Lakini je, rafu zilijaa? Hazikujaa kwa kampeni peke yake. Uhaba wenyewe ulikuwa na mizizi mingine: upungufu wa fedha za kigeni, bei kubwa ya mafuta, gharama za vita vya Kagera, na viwanda visivyokuwa na malighafi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, ndipo bidhaa zilipoanza kuonekana tena madukani.

Mambo ya PlayStation 5 yalikwenda njia hiyo hiyo. Chipu zilipoongezeka na mizigo ikafika kwa wingi, Sony ilitangaza mwanzoni mwa Januari 2023 kwamba mashine zaidi ya milioni 30 zimekwishauzwa na kwamba mnunuzi ataipata kwa urahisi zaidi. Walanguzi wakatoweka wenyewe, kwani hakuna anayelipa dola 1,000 kwa kitu kilichopangwa dukani kwa dola 500.

Funzo hapa ni kwamba mlanguzi hauzai uhaba, bali huukuta, akauzidisha na kuula. Ukimfukuza mmoja na uhaba ukabaki, atakuja mwingine. Uhaba ukiondoka, naye huondoka.

FIQHI INASEMAJE?

Sasa tuje kwenye mizani yetu. Makala haya si fatwa, na mwenye jambo lake mahsusi akamuulize sheikh wake. Sisi tunataja tu misingi tuliyosoma.

Kwanza, biashara ni halali na faida ni halali, na sheria haikumwekea mfanyabiashara kiwango maalumu cha faida. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei, naye akajizuia kwa kuchelea kumdhulumu mtu. Kwa hivyo, kuuza kitu kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia si kosa kwa dhati yake. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Dubai au China, akalipa nauli, ushuru na pango la duka, akachukua dhamana ya kitu kuharibika njiani, ameongeza kazi juu ya kitu kile. Faida yake ina jasho ndani yake.

Pili, ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa ili bei ipande. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Maamar bin Abdullah (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya bidhaa zinazoingia katika katazo hili. Madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, yanalihusisha na vyakula, na Imamu Nawawi amelieleza hivyo. Ama Imamu Malik, na Abu Yusuf mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, wao wanaliona linaingia katika kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Kwa kauli ya kwanza, mashine ya michezo haimo. Kwa kauli ya pili, inabidi tuulize dhara ni kubwa kiasi gani. Kukosa mchezo si sawa na kukosa dawa au barakoa. Lakini kompyuta ya kusomea, wakati skuli zimefungwa na masomo yanatolewa kwa intaneti kama ilivyokuwa mwaka 2020 katika nchi nyingi, iko karibu zaidi na haja. Tazama jinsi Japani ilivyotenganisha barakoa na mashine ya michezo, na jinsi wanavyuoni wetu walivyoupima uzito wa haja karne nyingi kabla ya hapo.

Tatu, kuilaki misafara. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni. Imamu Shafi ametazama dhara ya muuzaji, ambaye hajui bei ya mjini na anaweza kupunjwa. Imamu Malik ametazama dhara ya watu wa sokoni, ambao bidhaa inachukuliwa na wachache kabla haijawafikia. Programu roboti si msafara wa ngamia, na Sony si bedui asiyejua bei. Hata hivyo, aliyefahamu mtazamo wa Imamu Malik hatakosa kuona mfanano: mtu anasimama njiani baina ya bidhaa na soko, si kwa ajili ya kuifikisha, bali kwa ajili ya kuikatiza.

Nne, kuuza kitu kabla ya kukikabidhiwa. Maagizo ya PlayStation 5 yalianza kupokelewa katikati ya Septemba 2020, karibu miezi miwili kabla ya mashine kutoka, na papo hapo watu wakaanza kuuza maagizo yao kwa bei ya juu. Hawakuwa na mashine, walikuwa na ahadi tu. Katika madhehebu ya Shafi haifai kuuza ulichokinunua kabla hujakikabidhiwa, na hekima yake ni wazi: mashine isipofika, wawili watagombana kwa kitu ambacho hakipo.

Tano, uongo na kuvunja masharti. Na hapa ndipo penye uzito. Duka limeweka sharti la mashine moja kwa kila nyumba, na mtu akakubali sharti hilo. Akitumia majina ya uongo na anuani za uongo ili apate kumi, amedanganya na amevunja ahadi. Hapo hatuhitaji kukhitilafiana kama mashine ni chakula au si chakula. Uongo ni haramu katika ngano na katika mashine.

Sita, najshi, yaani kupandisha bei mnadani bila ya nia ya kununua. Mwezi wa Septemba 2020, kadi za picha za kompyuta ziitwazo RTX 3080, zilizotolewa na Nvidia kwa dola 699, zililanguliwa kama mashine za michezo. Baadhi ya watu kwa hasira wakaenda kwenye minada ya walanguzi na kutaja bei za uongo za maelfu ya dola ili kuwaharibia. Hasira yao inaeleweka, lakini dhulma haitibiwi kwa udanganyifu, na Mwislamu haruhusiwi kusema uongo mnadani eti kwa sababu muuzaji ni mlanguzi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ndugu wasomaji, uhaba wa vitu vya umeme haukuishia mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu za kompyuta zilipanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vilielekeza chipu nyingi kwenye vituo vikubwa vya kompyuta vya akili bandia. Leo ni hiki, kesho kitakuwa kingine. Kwa hivyo tunausiana haya:

1. Kwa wazazi: tutenganishe haja na hamu. Familia iliyonunua PlayStation 5 kwa mlanguzi kwa dola 1,000 mwaka 2020, na familia iliyosubiri ikainunua dukani kwa dola 500 mwanzoni mwa mwaka 2023, zote zilipata mashine ile ile. Tofauti yao ni miaka miwili ya subira na dola 500. Na mwenye kukopa kwa riba ili apate kwa haraka, huyo amelipa mara mbili, hapa duniani na kesho Akhera.

2. Kwa wanafunzi: mzazi anaposema "subiri kwanza", si lazima awe bahili. Pengine anajua lile usilolijua, kwamba bei ya wiki ya kwanza ni bei ya pupa. Waswahili wamesema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

3. Kwa vijana wanaotaka kuingia katika biashara: jiulizeni kabla ya kununua, "Mimi naongeza nini?" Kama unakileta kitu pale kisipofika, unakitengeneza, unakichukulia dhamana, au unamfundisha mnunuzi kukitumia, wewe ni mfanyabiashara, na tunakuombea baraka. Kama kazi yako yote ni kuwatangulia wengine mlangoni kwa hila kisha uwauzie nafasi yao, pesa utapata, lakini baraka yake itafute kwa taa.

4. Kwa sote: tusinunue ahadi wala picha. Tuone kitu, tukishike, tukijaribu, ndipo tulipe. Anayekuharakisha sana ana sababu yake.

5. Tukumbuke kwamba kila anayemnunulia mlanguzi anampa mtaji wa kulangua tena. Subira huvuta heri, nayo pia humkatia mlanguzi riziki ya hila, kwani mzigo usionunuliwa humlemea mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie kutosheka na halali, atuepushe na tamaa na hila, na azitie baraka biashara za wazazi wetu zinazotulisha na kutusomesha. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.